Mshono Usiachie

Kidonda cha upasuaji wa uzazi kina tabia ya kuficha mambo. Siku mama anaporuhusiwa kutoka wodini, mshono huwa mkavu, muuguzi ameridhika, na ndugu wameshaelewana na dereva bei ya kumrudisha nyumbani. Usaha, ukija, huja baadaye, mara nyingi kuanzia siku ya tano hadi ya kumi, na pengine baada ya hapo. Wakati huo mama yuko kwake, labda kwenye kimojawapo cha vilima vinavyoizunguka Mlalo, huku Usambara, ambako kufika barabarani kwenyewe ni safari ya miguu kwenye njia ya utelezi. Anayehesabu vidonda vilivyoharibika akiwa wodini tu hatamwona mama huyu.

Waliowafuatilia akina mama baada ya kutoka hospitali wamewaona. Mwanza, kati ya wanawake 345 waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali moja kubwa, karibu 11 katika kila 100 walipata maambukizi ya kidonda. Katika wilaya ya Kirehe, vijijini mashariki mwa Rwanda, wanawake 620 walirudi kukaguliwa siku ya kumi, na jibu likawa lilelile: karibu 11 katika kila 100. Utafiti wa Kirehe uliuliza pia ni nani hasa aliyeharibikiwa mshono. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni uzito wa zaidi ya kilo 75, na nauli kubwa ya kufikia huduma. Mwili mzito na njia ndefu. Mama wa Mlalo aliye na vyote viwili ndiye ninayemfikiria katika makala hii, pamoja na mumewe, mama mkwe wake, na mwanafunzi wa uuguzi atakayemfunga bandeji.

Wapo watakaosema unene ni shida ya Dar es Salaam na Tanga mjini, si ya watu wanaopanda na kushuka milima na viroba vya viazi mgongoni. Huku Usambara tumezoea kuzungumzia watoto waliodumaa, na kweli wapo. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 nchini wana uzito uliozidi au kiribatumbo; ule wa 2015–16 ukakuta 28. Mijini walikuwa 42, vijijini 21. Kwa hiyo hata vijijini ni mwanamke mmoja katika kila watano, na nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyezidi uzito, wote wakila kutoka chungu kimoja. Upasuaji wa uzazi nao umekuwa ukiongezeka: katika utafiti huo wa 2015–16, watoto 6 katika kila 100 walizaliwa kwa njia hiyo, na hawakuwa wengi hivyo miaka ya nyuma. Makundi haya mawili, la wanawake wazito na la wanaopasuliwa, yanazidi kukutana kwenye meza moja.

Kipimo cha unene kinachotumika ni rahisi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kumkokotolea mama yake. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Jibu likifika 30, hicho ndicho kinachoitwa kiribatumbo. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.55, kimo cha kawaida kabisa kwetu, anafika hapo akiwa na kilo 72 hivi. Wengi wa kilo hizo hawajioni wanene hata kidogo, wala majirani hawawaoni hivyo. Kwa mjamzito uzito unaofaa kwa hesabu hii ni ule wa mwanzo wa mimba, ndiyo maana kuhudhuria kliniki mapema na kuandikiwa uzito kwenye kadi si jambo la kupoteza muda.

Mafuta yaliyo chini ya ngozi yana mishipa michache ya damu kulingana na wingi wake. Damu ndiyo inayopeleka hewa ya oksijeni kwenye kidonda, ndiyo inayopeleka chembe zinazopigana na vijidudu, ndiyo inayopeleka dawa. Palipo na damu kidogo, vyote vitatu hufika kwa uhaba. Tena tabaka nene la mafuta likishakatwa, kingo zake hazikutani zenyewe. Juu ngozi imeshonwa, chini pamebaki mfuko, na ndani ya mfuko hujikusanya maji na damu, chakula kizuri cha bakteria. Mwisho kuna suala la mahali: mkato wa kawaida hupita chini kabisa ya tumbo, na kwa mama mnene mkunjo wa tumbo huufunika, ukauacha katika joto na jasho mchana na usiku. Akiwa na kisukari juu ya hayo, kupona kunazidi kuchelewa.

Hakuna katika hayo kosa la tabia. Ninalisema kwa sababu mama mnene huishi kati ya maneno mawili. Mtaani anasifiwa kwamba mumewe anamtunza. Akifika kliniki unene uleule unageuka kuwa shtaka. Maneno yote mawili hayamsaidii kushonwa vizuri. Wala asijinyime chakula akiwa mjamzito ili apungue kabla ya kujifungua. Kupunguza uzito kuna wakati wake, nao ni kabla ya kubeba mimba nyingine. Kinachotakiwa sasa ni wale watakaompasua wajue mapema kwamba mwili wake unahitaji mambo fulani, na wayaandae.

Mambo hayo yalijulikanaje? Mkulima wa hapa akitaka kujua mbegu ipi ya kabichi inazaa zaidi, hapandi moja bondeni penye maji na nyingine kilimani penye mawe, halafu akalinganisha. Anazipanda tuta kwa tuta katika shamba moja, zote zikipata mbolea ileile. Watafiti wa tiba hufanya vivyo hivyo kwa kupiga kura: akina mama wanaofanana hali wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa watibiwe kwa njia hii, wale kwa ile, kisha vidonda vinahesabiwa. Kura ndiyo inayozuia daktari asiwape dawa mpya wale anaoona watapona tu. Karibu yote ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye majaribio ya namna hiyo, yaliyohusisha maelfu ya wanawake.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, linahusu saa. Kwa miaka mingi madaktari wengi walikuwa wakisubiri mtoto atoke na kitovu kibanwe ndipo wamchome mama sindano ya antibayotiki. Walihofia dawa isije ikamfikia mtoto na kuficha ugonjwa wake. Hofu ya maana, lakini ilimwacha mama akikatwa bila kinga mwilini. Majaribio yalipolinganisha sindano kabla ya kisu na sindano baada ya kitovu kubanwa, kisha matokeo yakajumlishwa, maambukizi kwa mama yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40 kwa waliochomwa mapema, na watoto hawakuonekana kudhurika. Leo miongozo ya kimataifa inataka sindano itangulie kisu. Dawa ni ileile na bei ni ileile, kilichosogezwa ni dakika tu. Kwa mwenye uzito mkubwa sana miongozo mingi inaongeza pia kipimo: kwa dawa ya sefazolini, gramu 2 kwa kawaida, gramu 3 kwa anayefikia kilo 120, ingawa ushahidi wa hiyo gramu ya tatu si mzito kama ule wa saa.

Je, dozi moja inatosha, au mama aendelee kuchomwa siku kadhaa? Hapa tuna jibu la nyumbani. Mwanza wanawake 500 waliopasuliwa kwa dharura waligawanywa: nusu walipata dozi moja ya jentamisini na metronidazoli kabla ya upasuaji, nusu wakaendelea kupewa dozi nyingine baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopata maambukizi kwa dozi moja walikuwa asilimia 4.8, kwa dozi nyingi asilimia 6.4, tofauti ambayo yaweza kuwa bahati tu. Yaani sindano za ziada hazikuonyesha faida yoyote. Kwa kituo chenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, hiyo ni habari njema sana.

Lakini jaribio la Mwanza liliwahusu akina mama wa kila umbo. Kuhusu wanene peke yao, mwaka 2017 lilitangazwa jaribio la Marekani lililoamsha mjadala. Wanawake 403 wenye kiribatumbo walipata wote sindano kabla ya kisu. Baada ya upasuaji nusu yao walimeza vidonge vya sefaleksini na metronidazoli kwa saa 48, nusu wakameza vidonge bandia visivyo na dawa. Maambukizi kwa waliopewa vidonge bandia yalikuwa asilimia 15.4; kwa waliopewa dawa, asilimia 6.4. Ni punguzo kubwa, kwa dawa zisizo ghali. Nani asingefurahi?

Nami nafurahi, ila kwa kiasi. Jaribio lilifanyika hospitali moja. Matokeo yalipochambuliwa zaidi, faida ilionekana wazi kwa wanawake ambao chupa ilikuwa imeshapasuka kabla ya upasuaji. Kwa ambao haikupasuka, tofauti ilikuwa ndogo na isiyo na uhakika. Jaribio jingine la Marekani, la mwaka 2016, lilipita njia tofauti: wanawake 2,013, wengi wao wanene, waliopasuliwa wakiwa na uchungu au baada ya chupa kupasuka, waliongezewa azithromaisini pamoja na sindano ya kawaida, au sindano bandia. Maambukizi yakashuka kutoka asilimia 12 hadi 6.1. Njia zote mbili zinaelekeza mahali pamoja: mama mnene aliyekaa na uchungu muda mrefu, chupa imepasuka, amepimwa njia mara nyingi, ndiye aliye hatarini kuliko wote. Huyo ana haki ya kufikiriwa dawa zaidi, na daktari wake ndiye wa kuamua. Kumpa vidonge vya siku mbili kila mwanamke mwenye tumbo kubwa ni jambo jingine, na mimi ningesema bado. Kila antibayotiki inayomezwa bila sababu inawafundisha bakteria kuishinda dawa, na sisi wa pembezoni ndio wa mwisho kupata dawa ya akiba.

Turudi kwenye uzi na sindano. Majaribio kadhaa yaliyojumlishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba tabaka la mafuta likiwa nene kuliko sentimita 2, kulishona lenyewe kabla ya kufunga ngozi kunapunguza mishono kuachia kwa takriban theluthi moja. Tazama jinsi jambo hili lilivyo dogo: mpasuaji akishamaliza kwenye mfuko wa uzazi na tabaka gumu la tumbo, anapima kwa macho au kwa rula unene wa mafuta kwenye ukingo wa mkato. Ukizidi sentimita 2, anaingiza uzi unaoyeyuka, anavuta kingo mbili za njano zikutane, anaufunga ule mfuko nilioutaja. Dakika chache tu. Kuweka pia mpira wa kutolea maji pamoja na mshono huo, kama wengine walivyodhani kungefaa, hakukuonyesha kuongeza kinga.

Ngozi yenyewe nayo ina habari yake. Katika nchi tajiri ilikuwa desturi kuifunga kwa pini za chuma, maana ni za haraka. Jaribio la wanawake 746 lilizilinganisha na uzi unaopita chini ya ngozi: waliofungwa kwa uzi walipata matatizo ya kidonda asilimia 4.9, wa pini asilimia 10.6. Kwetu pini hizo ni nadra, wengi wanashonwa kwa uzi. Kwa mara moja, ufukara umetutendea wema.

Kuhusu usafi nitapita haraka, ingawa si kwa sababu ni mdogo. Dawa ya ngozi yenye klorheksidini ndani ya spiriti ilishinda ile ya iodini na spiriti katika jaribio la wanawake 1,147: maambukizi asilimia 4 dhidi ya 7.3. Iachwe ikauke, hasa kwenye mikunjo, kwa kuwa spiriti mbichi hushika moto kifaa cha umeme cha kuzuia damu kikitumika. Kusafisha uke kwa iodini muda mfupi kabla ya kumpasua mama kunapunguza maambukizi ya mfuko wa uzazi. Na wembe. Akina mama wengi hunyoa nyumbani kabla ya kwenda kujifungua, kwa heshima, wasiwape kazi wauguzi. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na bakteria huingia humo. Usinyoe, dada. Ikilazimu, watakupunguza kwa mashine au mkasi hukohuko.

Imebaki mashine, kwa sababu daima kuna mashine. Ipo bandeji ya kisasa inayounganishwa na pampu ndogo inayonyonya maji ya kidonda siku kadhaa. Ilitangazwa sana kuwa ndiyo mkombozi wa akina mama wanene, na majaribio mengine madogo, hata moja la Denmark lenye wanawake 876, yaliiunga mkono. Kisha mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Marekani, wanawake 1,624 wenye kiribatumbo. Maambukizi yalikuwa asilimia 3.6 kwa wenye pampu na 3.4 kwa wenye bandeji ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, maana hapakuwa na faida ya kutarajia, na waliovalishwa pampu walipata malengelenge na michubuko ya ngozi zaidi, asilimia 7 dhidi ya 0.6. Mtu akija kuomba mchango wa kununua pampu hizo kwa hospitali zetu, tumwombe kwanza alete uzi, sefazolini, klorheksidini, na saa ya ukutani kwenye chumba cha upasuaji.

Nasema hospitali zetu nikiwa na maana ya zile ndogo. Tangu mwaka 2017 vituo vya afya vingi nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji, ili mama asilazimike kusafirishwa hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa mtoto akiwa amekwama. Kwa mtu wa Mlalo ambaye njia yake kwenda Lushoto ni barabara ya mlima inayopita Magamba, iwe masika au kipupwe, tofauti ni ya uhai. Tena nchi hii kwa miongo mingi imewaamini madaktari wasaidizi kufanya upasuaji huo. Habari njema katika utafiti wote nilioueleza ni kwamba sehemu kubwa yake haiwangojei mabingwa. Sindano itangulie kisu, mafuta yapimwe na kushonwa, ngozi isafishwe na kuachwa ikauke: kituo kidogo kinaweza kuyafanya yote leo, ilimradi bohari isiwe tupu.

Kabla ya hapo, kliniki ina kazi yake. Katika utafiti wa kwanza wa Mwanza, ule wa wanawake 345, upungufu mkubwa wa damu ulikuwa miongoni mwa vilivyoambatana na kidonda kuharibika, kwa hiyo vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo wengi huviacha kabatini kwa kuwa vinachefua, vinahusu hata mshono. Mama mzito aulizie pia kupimwa sukari.

Baada ya hospitali, kidonda kinaingia mikononi mwa mama mkwe. Huku kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa mkaja au kanga iliyokazwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga na mtori, na hukaa ndani hadi arobaini. Katika hayo kuna mapenzi mengi, na mapumziko ambayo mwanamke mkulima hayapati wakati mwingine wowote. Ila kukanda juu ya mshono mpya ni hatari: maji ya moto yanaunguza ngozi iliyokufa ganzi, mkono unasukuma, uzi unaachia.

"Sasa mwanangu, mzazi asikandwe kabisa?" ndilo swali la bibi kila unapoligusa jambo hili.

Jibu la muuguzi mwenye busara huwa, "Mkande mgongo na miguu, bibi, anachoka huko. Tumboni niachie mimi."

Mkaja nao kwa mama mnene hukaza mkunjo wa tumbo juu ya kidonda na kuufungia jasho. Kinachohitajika ni kinyume chake, hewa. Bandeji ya hospitali ikishaondolewa, mama aoge kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, maji yapite juu ya mshono bila kusuguliwa. Kisha alale chali, ndugu au mume aliyenawa mikono ainue tumbo taratibu, akaushe kwa kubonyeza kitambaa safi, asipanguse. Akimaliza alaze kitambaa kingine laini na kikavu ndani ya mkunjo ili ngozi isigusane na ngozi, na akibadilishe kila kinapopata unyevu. Mlalo, miezi ya Juni na Julai, ukungu ukikaa kutwa nzima, kanga iliyofuliwa haikauki kwenye kamba. Hapo pasi ya mkaa ina kazi ya maana kuliko kunyoosha shati la Ijumaa au la Jumapili.

Mshono usipakwe kitu. Si majivu, si chumvi, si dawa ya mizizi, wala unga wa kapsuli za rangi mbili zinazonunuliwa dukani na kufunguliwa juu ya kidonda. Unga huo hufanya gamba, chini yake usaha ukaendelea kutungika, na mama akadhani anapona.

Na kuni? Mama asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita. Atembee, tena mapema, tangu siku ya kwanza baada ya upasuaji, kwa sababu kutembea kunazuia damu kuganda miguuni, hatari nyingine inayowaandama zaidi wanene. Lakini ndoo, mzigo wa kuni na kiroba cha karoti cha kupeleka gulioni viwe vya wengine. Hapa ndipo mume anapoingia kwenye tiba, hata kama hakuna daktari aliyemwandikia cheti.

Dalili za kurudi hospitali hazihitaji elimu kubwa. Homa au baridi ya kutetemeka. Wekundu unaotanuka, au ngozi nyeusi inayong'aa na kuwa ya moto pembeni mwa mshono, maana kwenye ngozi zetu wekundu haujionyeshi kila mara. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Harufu. Maji au usaha kutoka, hata tone. Mshono kufunguka hata kwa upana wa ukucha. Damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Kidonda kilichofunguka kidogo mara nyingi husafishwa na kupona vizuri kikiwahiwa. Kikicheleweshwa, maambukizi yanaweza kuingia ndani ya tumbo na kumuua mama ambaye alikuwa ameshavuka mlango mgumu.

Kwa hiyo mkiruhusiwa kutoka wodini, msiondoke bila kuandikiwa tarehe ya kukaguliwa mshono, iwe ndani ya wiki moja au siku kumi, na namba ya simu ya kituo kama ipo. Nauli ya siku hiyo itengwe kabla ya fedha za arobaini kuanza kutumika, pamoja na nauli nyingine moja ya dharura. Usaha ukitoka usiku wa Jumamosi, msisubiri Jumatatu.